Simu mpya: kipya kinyemi ingawa kidonda

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Usemi huo wa kale umepata ushahidi mpya katika maofisi na katika vyumba vya walimu, ambako kila mwisho wa mwezi huzuka mjadala ule ule: ni simu gani imetoka, nani ameinunua, na nani bado anatembea na ile ya miaka minne iliyopita. Mtumishi ambaye simu yake ina ufa mdogo kwenye kioo huificha mfukoni kikao kinapoanza. Mwenzake aliyenunua mpya huiweka juu ya meza, ingawa hakuna anayempigia. Katika hali kama hiyo uamuzi wa kununua hautokani tena na haja. Hutokana na macho ya watu.

Hata hivyo itakuwa ni makosa kuwacheka watu hao na kusema kwamba simujanja ni anasa tu. Wakati wa maneno hayo umepita. Mtumishi wa umma nchini Tanzania leo huomba uhamisho wake kupitia mfumo wa ESS, hulipia huduma za serikali kwa namba ya malipo, na mshahara wake haukai sana benki kabla ya kuhamia katika simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo simu imekuwa pochi, tena pochi ambayo mwizi anaweza kuifungua akiwa mbali. Mwalimu naye hubeba katika simu yake orodha za wanafunzi, alama za mitihani na namba za wazazi. Nyaraka za ofisi ambazo zamani zilifungiwa kabatini sasa husafiri kutoka kiganja kimoja hadi kingine.

Kwa hiyo swali la kubadili simu ni swali la haki kabisa. Kasoro iko katika namna linavyojibiwa. Watu hulinganisha kamera, hulinganisha upana wa kioo, hulinganisha rangi na jina la kampuni. Jambo lililo zito kuliko hayo yote halilinganishwi kabisa, nalo ni hili: simu hiyo imebakiwa na miaka mingapi ya kuhudumiwa na aliyeitengeneza?

CHOMBO NA NAHODHA

Kila simujanja ina sehemu mbili. Ya kwanza ni chombo chenyewe, yaani kioo, betri, kamera na mitambo ya ndani. Ya pili ni mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayokiongoza chombo kama nahodha aongozavyo jahazi. Mnunuzi hukiona chombo, nahodha haonekani. Lakini jahazi zuri lisilo na nahodha halifiki popote.

Ushahidi wa jambo hilo uko katika historia fupi ya simu hizi. Mwaka 2007 kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza iPhone, ambayo mfumo wake baadaye uliitwa iOS. Mwaka 2008 ilitoka HTC Dream, simu ya kwanza ya kuuzwa yenye mfumo wa Android, ambao Google iliupata kwa kuinunua kampuni ndogo ya jina hilo mwaka 2005. Wakati huo Symbian ya Nokia na mfumo wa BlackBerry ndiyo iliyokuwa ikitamba, na baadaye Microsoft nayo ikaleta Windows Phone. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba majina makubwa kama hayo yangeweza kutoweka.

Yametoweka. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Symbian mwaka 2017 na kwenye Windows Phone mwisho wa mwaka 2019. Januari 2020 Microsoft ikafunga huduma ya mfumo wake wa mwisho wa simu. Tarehe 4 Januari 2022 BlackBerry nayo ikazima huduma za mfumo wake wa zamani, ikionya kwamba simu hizo zisitegemewe tena hata kwa kupiga na kutuma ujumbe. Simu hizo nyingi hazikuwa zimevunjika. Vioo vyake vilikuwa vizima na vitufe vyake vilibonyezeka. Kilichokufa ni mfumo, na mfumo ulipokufa chombo kilibaki kuwa uzito wa mezani.

NJIA MBILI

Leo imebaki mifumo miwili mikubwa, iOS na Android, na ubishi juu ya upi ulio bora hauishi. Ubishi huo ungepungua kama watu wangetazama namna kila mmoja unavyomfikishia mteja marekebisho.

Apple hutengeneza simu na mfumo kwa pamoja. Marekebisho yakiwa tayari huenda moja kwa moja kwa simu zote zinazostahili, siku ile ile, awe mwenye simu yuko Chicago au Songea. Android ina safari ndefu zaidi. Google huandaa marekebisho, kisha yanahitaji kulinganishwa na mitambo ya ndani, kisha kampuni iliyotengeneza simu huyatia katika umbo lake, na mara nyingine kampuni ya mtandao huyapima kabla ya kuyaruhusu. Katika kila kituo yanaweza kuchelewa. Kampuni inayouza simu za bei ndogo kwa wingi haina faida kubwa ya kuihangaikia simu iliyokwisha kuuzwa, na ndiyo maana simu nyingi za bei nafuu zimekuwa zikipata marekebisho kwa muda mfupi, kisha ukimya.

Lakini haki itendeke kwa pande zote mbili. Uwazi wa Android ndio ulioziwezesha kampuni nyingi kutengeneza simu ambazo mwalimu anaweza kuzimudu; bila huo, simujanja ingebaki mali ya wachache. Aidha, katika Android kivinjari cha intaneti na programu nyingine muhimu husasishwa peke yake hata kama mfumo umechakaa, wakati katika iOS kazi nyingi za ndani za kivinjari hutegemea mfumo wenyewe. Kwa hiyo Android iliyozeeka hupoteza uwezo wake polepole. Hilo ni jambo jema kwa matumizi, lakini lina hatari yake, kwa kuwa mwenye simu hatambui kwamba ulinzi umekwisha kuondoka.

MATUNDU

Pengine msomaji atauliza: marekebisho hayo yana faida gani kwa mtu anayepiga simu, anayesoma ujumbe na kutuma fedha? Jibu lilitolewa mwaka 2015. Mwezi Julai mwaka huo ilitangazwa kwamba katika Android kulikuwa na tundu, lililopewa jina la Stagefright, katika sehemu inayofungua picha za video. Mhalifu aliyejua namba ya simu tu aliweza kutuma ujumbe wenye video iliyotiwa sumu na kuingia katika simu kabla ya mwenyewe hajaufungua. Simu zilizokadiriwa kuwa hatarini zilikaribia bilioni moja. Baada ya tukio hilo Google ilianza kutoa marekebisho ya usalama kila mwezi.

Tangu hapo matundu yamekuwa yakipatikana na kuzibwa mfululizo, katika Android na katika iOS pia. Kila tundu linapozibwa habari zake hutangazwa, na tangazo hilo husomwa na mafundi waaminifu pamoja na wezi. Simu inayopata marekebisho hufungwa mlango. Simu iliyoachwa hubaki wazi, tena sasa mwizi ameonyeshwa mlango ulipo. Hapo ndipo ilipo hatari ya mwalimu mwenye akiba yake yote ndani ya simu ambayo haijafanyiwa marekebisho kwa miaka mitatu.

Kujua hali ya simu hakuhitaji fundi. Katika Android, sehemu ya mipangilio huonyesha toleo la mfumo na tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Katika iPhone, sehemu hiyo hiyo huonyesha toleo lililopo na kama kuna jipya. Ikiwa tarehe ni ya miezi michache iliyopita, simu bado ina mlinzi. Ikiwa ni ya miaka iliyopita, na simu ikiulizwa hujibu kwamba hakuna jipya, basi mlinzi amekwisha kwenda zake.

HESABU YA MWAKA

Kutokana na hayo, bei iliyoandikwa kwenye kibandiko si bei ya kweli. Bei ya kweli hupatikana kwa kuigawa kwa idadi ya miaka ya marekebisho iliyobaki.

Chukua hesabu ya mfano tu. Simu ya shilingi 300,000 iliyobakiwa na miaka miwili inamgharimu mwenyewe shilingi 150,000 kwa mwaka. Simu ya shilingi 600,000 yenye miaka sita inamgharimu 100,000 kwa mwaka. Na simu ya mtumba ya shilingi 500,000, yenye jina kubwa lakini iliyobakiwa na mwaka mmoja, inamgharimu 500,000. Ile iliyoonekana ghali kuliko zote ndiyo rahisi, na ile iliyotoa sifa kubwa barazani ndiyo iliyomfilisi mwenyewe.

Mfano wa simu halisi utaliweka jambo hili wazi zaidi. iPhone X ilitoka mwaka 2017 na ilikuwa fahari ya wakati wake. Septemba 2023, ilipotoka iOS 17, simu hiyo iliachwa nyuma. Tangu hapo imepata marekebisho ya mara chache tu. Kwa upande mwingine Samsung ilitoa Galaxy A16 mwaka 2024, simu ya daraja la kawaida isiyo na fahari, ikaiahidi miaka sita ya marekebisho ya usalama. Mtu anayekwenda Kariakoo na kuichagua iPhone X ya mtumba kwa sababu ya jina lake amenunua jina hilo pamoja na miaka iliyokwisha kuliwa na mtu mwingine.

Hii haina maana kwamba iPhone ni mbaya. iPhone 6s iliyoanza kuuzwa mwaka 2015 iliendelea kupokea matoleo mapya hadi mwaka 2022, muda ambao Android nyingi za wakati huo hazikuukaribia. Wala haina maana kwamba Android zote ni za kutupwa mapema. Google iliahidi miaka saba kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikafanya hivyo hivyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Jambo la kushika ni kwamba jina la mfumo pekee halitoshi. Miaka huhesabiwa tangu aina hiyo ya simu ilipotoka kiwandani, haihesabiwi tangu siku mnunuzi alipopewa risiti.

Aidha, mnunuzi hana budi kuhakikisha kwamba mfumo wa simu anayoitaka una huduma anazozitumia kazini. Mwaka 2019, baada ya Marekani kuiwekea Huawei vikwazo vya biashara, simu mpya ya kampuni hiyo iitwayo Mate 30 ilitoka bila huduma za Google. Mitambo yake ilikuwa bora kabisa, lakini mtu aliyezoea duka la programu la Google hakulikuta. Ugomvi wa mataifa makubwa ulifika hadi kiganjani mwa mtu ambaye hakuulizwa lolote.

BETRI

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, kuna swali la kutangulia: je, simu iliyopo imekufa kweli? Malalamiko mengi yanayowapeleka watu dukani ni mawili, kwamba chaji haikai na kwamba simu inaganda. Mara nyingi yote mawili yana dawa.

Betri ya simu ni kitu kinachochakaa kwa kutumika. Apple yenyewe inasema kwamba betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa zibakie na asilimia 80 ya nguvu baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500, kiasi ambacho mtu anayemaliza chaji nzima kila siku hukifikia kabla ya miaka miwili. Kubadili betri ni kazi ya saa moja kwa fundi mwaminifu mwenye betri isiyo bandia. Kununua simu mpya kwa sababu hiyo ni sawa na kununua baiskeli nyingine kwa kuwa tairi limeisha. Kuganda nako mara nyingi hutokana na kumbukumbu iliyojazwa picha na video za salamu ambazo hakuna atakayezitazama tena.

Watengenezaji wenyewe hawakuwa wakweli siku zote katika jambo hili. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikizipunguzia kasi baadhi ya simu zenye betri iliyochoka, ikieleza kuwa lengo ni kuzizuia zisizimike ghafla. Ukweli wa sababu hiyo haukumsaidia mteja ambaye hakuambiwa, akadhani simu imezeeka, akanunua nyingine wakati alihitaji betri tu. Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 mwaka 2020 kwa kuficha habari hizo. Mwaka 2018 Italia nayo iliitoza Apple euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5 kwa kuwasukuma wateja wapokee matoleo yaliyozidhoofisha simu zao za zamani.

Funzo lake si kukataa marekebisho. Inafaa kutofautisha mambo mawili: marekebisho ya usalama, ambayo ni ya kupokea daima, na toleo jipya zima la mfumo, ambalo kwa simu iliyozeeka linafaa kusubiriwa hadi wengine waeleze limewafaaje.

Ipo pia gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ambayo hutumika katika betri, huchimbwa Kongo, na katika machimbo ya Kolwezi wachimbaji husemezana kwa Kiswahili. Simu inayotupwa kabla ya wakati wake imetupa pia jasho lao. Umoja wa Mataifa ulihesabu kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kusindikwa ipasavyo.

DENI

Watakuwapo wa kusema kwamba hesabu hizi ni za watu wenye fedha. Kwamba mwalimu hana shilingi 600,000 kwa mkupuo, na kwamba miaka sita ya ahadi ni bure kwa simu itakayoibwa kituo cha basi au kutumbukia ndoo ya maji mwaka wa pili. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa. Ahadi ya mtengenezaji haizuii mwizi. Lakini hoja hiyo haiungi mkono kununua simu ya fahari. Inaunga mkono kununua ya kawaida, yenye miaka mingi iliyobaki, pamoja na kava imara na namba ya siri.

Wala haihalalishi deni. Simu nyingi siku hizi huuzwa kwa malipo ya kidogo kidogo, na baadhi yake hutiwa programu inayoifunga simu endapo mteja atachelewa kulipa. Mtumishi aliyekwisha kukatwa mikopo miwili katika mshahara, kisha akaongeza wa tatu kwa ajili ya kamera, amempa mtu mwingine ufunguo wa pochi yake mwenyewe. Anayenunua mtumba naye ajihadhari na simu ambayo bado imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza, maana itakapofutwa haitafunguka tena.

WAJIBU

Hata hivyo mzigo wote hauwezi kuachiwa mnunuzi mmoja mmoja. Mwalimu hawezi kuuliza jambo ambalo muuzaji mwenyewe halijui, na halijui kwa kuwa hakuna aliyemlazimisha mtengenezaji kuliandika kwenye boksi.

Kwingineko wamelazimishwa. Uingereza, kwa sheria iliyoanza kutumika Aprili 29, 2024, inawataka watengenezaji watangaze muda wa chini kabisa wa marekebisho ya usalama, na hapo ndipo Apple, ambayo kwa miaka mingi haikutaja muda wowote, ilipoandika miaka mitano. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: tangu Juni 20, 2025, aina mpya za simu zinazoingizwa sokoni huko hazina budi kupewa marekebisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa, vipuri vyake vipatikane kwa miaka saba, na betri yake ivumilie kuchajiwa mara 800 ikiwa imebaki na asilimia 80.

Kampuni hizo hizo ndizo zinazouza Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Mnunuzi wa Mwanza anastahili kujua yale yale anayojulishwa mnunuzi wa Paris. Na uwezo wa kusimamia jambo hilo upo, kwani Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia nchini kote, baada ya kuwafundisha wananchi kubonyeza *#06# ili wajue namba ya utambulisho ya simu zao. Taifa lililoweza kuitambua simu bandia halishindwi kudai kwamba simu halali iandikwe tarehe yake ya mwisho ya kuhudumiwa, kama dawa na maziwa ya kopo vinavyoandikwa. Ofisi za umma zenyewe zinaweza kuanza kesho, kwa kukataa kupokea zabuni ya simu au vishikwambi vya shule isiyotaja miaka hiyo.

Hadi siku hiyo itakapofika, mtumishi na mwalimu wana silaha moja, nayo ni maswali manne. Simu iliyopo bado inapata marekebisho? Kama inapata, betri mpya haitatosha? Kama haipati, ile inayotamaniwa ilitoka kiwandani mwaka gani na imeahidiwa hadi lini? Na fedha ya kuilipia ni akiba au ni deni? Anayeyajibu kwa ukweli huenda akarudi nyumbani na simu mpya, na huenda akarudi na ile ile yenye ufa kwenye kioo. Akirudi na ile yenye ufa, huku mlinzi wake bado yuko kazini na ada ya mtoto imelipwa, hana sababu ya kuificha mfukoni kikao kitakapoanza.